Benchi la Kungojea Simu: Jinsi ya Kuwarudia Watu Wako

Mbele ya kibanda changu hapa Nakuru, hatua chache kutoka steji ya matatu, nina benchi la mbao linalotosha watu wanne, watano wakisongeana. Kubadilisha kioo cha simu hunichukua kama saa moja, na zaidi kidogo gundi ikichelewa kushika. Saa hiyo yote mwenye simu yuko pale kwenye benchi, hana simu. Kazi hii nimeifanya miaka 11, na saa hiyo nimeitazama mara nyingi mno.

Kwanza mtu hujipapasa mfukoni. Anajua simu iko mezani kwangu, anaiona imefunguliwa tumbo, lakini mkono unaenda wenyewe. Akishajipapasa mara tatu nne anaanza kusoma maandishi ya matatu zinazopita. Halafu anamgeukia aliye kando yake. "Yako imepatwa na nini?" "Iliingia maji." Basi, yameanza. Kwenye benchi hilo nimeona mzee akimfundisha kijana wa bodaboda namna ya kupandikiza miche ya avokado. Nimeona akina mama wawili wakigundua kwamba walisoma shule moja ya msingi kule Hamisi, miaka tofauti, mwalimu yule yule. Nimesikia mwanamke akimweleza mtu asiyemjua habari za binti yake, na alipomaliza akasema: haya sijamwambia hata dada yangu.

Sina ugomvi na simu. Ndizo zinazowalisha watoto wangu. Ninachotaka kueleza hapa ni namna ya kupata ile saa ya benchi pamoja na watu wako mwenyewe, maana mimi niliyekuwa nikiiona kila siku kwa wageni nilikuwa siipati kwa mama yangu aliyenizaa.

Kilichonifumbua macho ni kikombe cha chai. Ilikuwa Aprili 2022. Mama anaishi Vihiga, si mbali na Mbale. Kila mwisho wa mwezi nilimtumia pesa kwa M-Pesa bila kukosa. Kila Jumapili nilimpigia. "Hujambo mama?" "Sijambo baba, nyinyi?" "Sisi tuko salama. Watoto wanakusalimu." "Nawasalimu." Dakika tatu, nne zikizidi. Nilijihesabu mwana mwema. Kisha ikatokea shida ndogo ya mpaka wa shamba, nikapanda matatu nikaenda bila kumwambia. Alifurahi, akaleta chupa ya chai. Nikamwona ameshika chupa kwa mkono wa kulia, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto amekitia ndani ya kikombe, kimeinama ukingoni. Akamimina. Mkondo wa kwanza ukaangukia mezani, pembeni mwa kikombe. Kabla sijainuka alikuwa ameshapangusa kwa ncha ya leso, upesi, kama mtu aliyezoea kupangusa. Akamimina tena, chai ikagusa kile kidole, akaacha.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, zaidi ya mwaka. Meseji za M-Pesa alikuwa akisomewa na mtoto wa jirani. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Ungehangaika, baba. Na wewe uliniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama." Tulimpeleka hospitali ya macho ya Sabatia, ambayo iko pale pale Vihiga, akafanyiwa upasuaji jicho moja, baadaye la pili. Sasa anaona. Lakini kidole kile sijakisahau. Katika Jumapili zote zile sikuwa nimemuuliza swali hata moja ambalo neno "salama" halingelitosha.

Niliyojifunza tangu siku hiyo ndiyo haya. Simu hukuletea yale ambayo mtu ameamua kukuambia. Yale ambayo hakuamua, kidole ndani ya kikombe, nguo iliyopwaya, mtu kucheka akichelewa, hayo lazima uwe karibu ndipo uyaone. Kwa hiyo kazi yote iliyo mbele yako ni kujiweka mahali ambapo utayaona na kuyasikia. Inahitaji mpango, kama kazi nyingine yoyote.

Andika majina

Chukua karatasi, si simu. Andika majina ya watu ambao wakiugua leo ungetaka kujua leo hii hii. Usiandike wale wa kundi la ukoo wote. Kundi letu lina watu 46 na wengine nisingewatambua sokoni. Mimi nilipata majina tisa. Na usisahau kuwaandika wale mnaolala nao nyumba moja, kwa sababu hao ndio wepesi kuwapoteza.

Kama unaona orodha ni fupi mno, usione haya. Robin Dunbar, mwanazuoni Mwingereza, alikadiria kwamba akili ya binadamu inaweza kubeba mahusiano kama 150 tu, na katika hao walio karibu kabisa na moyo huwa kama watano. Na ukaribu wenyewe unakula saa. Mwaka wa 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha hesabu yake: mtu unayemjua kijuujuu kuwa rafiki wa kawaida, mtatumia kama saa 50 pamoja, kuwa rafiki wa chanda na pete, zaidi ya saa 200. Piga hesabu. Saa 200 ni kukaa na mtu saa nne kila Jumamosi karibu mwaka mzima. Hakuna mtu mwenye saa kama hizo za kuwapa watu 46.

Kando ya kila jina andika mara ya mwisho mlipoketi pamoja, pasipo matanga wala harusi. Hapo ndipo karatasi yangu iliponichoma. Ndugu yangu mkubwa, anayeishi Kisumu, tulikuwa tumeonana mara nne katika miaka miwili. Mara zote nne kulikuwa na jeneza.

Hili naomba tulitazame bila kuoneana aibu, sisi watu wa magharibi mwa Kenya. Mtu akifa, tunajaza matatu usiku huo huo. Mchango unafika kabla ya maiti kufika mochari. Tuna kamati, tuna mweka hazina, tuna kundi la WhatsApp lenye picha ya marehemu. Lakini yule marehemu alipokuwa hai, amekaa nje ya nyumba yake jioni akisikiliza redio, nauli haikupatikana. Basi sharti la kwanza: kila jina kwenye karatasi yako litembelee mara moja wakati hakuna aliyekufa.

Piga simu kama mtu anayetaka kujua

Kwa wale walio mbali, sauti ndiyo daraja. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha jaribio walilofanya na wasichana wadogo. Waliwapa jambo la kuwatia wasiwasi, kisha wengine wakazungumza na mama zao ana kwa ana, wengine kwa simu, na wengine wakaandikiana meseji na mama. Waliosikia sauti ya mama, hata kwa simu, homoni ya wasiwasi ilishuka, na ile ya upendo na utulivu ikapanda. Walioandikiana tu walibaki karibu sawa na wale ambao hawakuwasiliana na mama kabisa. Maneno yaweza kuwa yale yale. Mwili unangoja sauti.

Sauti yenyewe ina namna yake. Chagua saa ambayo yeye ametulia. Mama yangu ni saa mbili asubuhi, ng'ombe ameshakamuliwa, jua halijawa kali. Kaa chini. Usimpigie ukiwa unavuka barabara au ndani ya matatu yenye muziki, kwa sababu atasikia kwamba una haraka na atakufupishia. Wazee wetu hawawezi kukuambia jambo zito huku wanasikia makanga akiita abiria.

Halafu salamu. Salamu zetu ni nzuri na sitaki uzipunguze hata moja, lakini zina majibu yake tayari. Ukiuliza habari, jibu ni nzuri, hata paa likiwa limeezuliwa na upepo. Kwa hiyo maliza salamu zote kwa heshima, kisha anza upya kwa swali ambalo lazima mtu afikiri ndipo alijibu. "Jana jioni ulipika nini?" "Ni nani amepita hapo tangu Jumatatu?" "Ukipanda kile kilima cha kwenda kanisani, goti linasemaje?" "Usiku unalala mpaka asubuhi au unaamka?" Maswali kama haya hayana jibu la kujifichia. Ukiuliza alipika nini na akakuambia chai na mkate siku tatu mfululizo, umejua jambo ambalo hakukusudia kukuambia.

Nina daftari la kurasa 48. Kila mtu wangu ana kurasa zake. Nikimaliza kuzungumza naandika mambo mawili matatu: kuku wa mama wameanza kufa, jirani amerudi kutoka Mombasa, kuna barua ya shule. Wiki inayofuata nafungua hapo. "Wale kuku walipona?" Mara ya kwanza nilipomuuliza hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe unakumbuka kuku wangu."

Na kimya, kiache. Mazungumzo yakifika mahali pa kimya, usikimbilie kusema "haya mama, tutaongea." Pumua pole pole mara kumi. Mama yangu mambo yake makubwa huja baada ya kimya, na huanza kwa neno moja: "Halafu, baba..." Nikisikia hiyo "halafu" naweka bisibisi chini.

Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp ni bora kuliko maandishi, utumie, lakini huwezi kukatizwa humo, wala kuulizwa. Usiuhesabu kama mazungumzo.

Kwa wenye mtoto au dada kule Ghuba, na familia nyingi hapa kwetu wana mtu huko, jaribuni hivi: siku yake ya kupumzika, pigeni simu ya video, simu iegemezwe kwenye sufuria jikoni, kila mtu aendelee na kazi yake. Mama anachambua mboga huku, binti anapiga pasi kule. Mkae saa nzima hivyo. Msikodoleane macho mkisubiri habari. Habari zitakuja kati ya jani na jani.

Tafuteni kazi ya mikono

Nilipoamua kumrudia ndugu yangu, nilifanya kosa. Nilimwambia tuketi hotelini tuzungumze. Tukaketi. Akaagiza samaki, nikaagiza samaki. Tukaongea siasa na mpira, tukalipa, tukaachana. Sisi wanaume tukiwekwa uso kwa uso na kuambiwa tuzungumze, tunafunga milango yote.

Mara ya pili sikumwambia tuzungumze. Yeye huuza viatu vya mitumba Kibuye, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko lile. Nikafika alfajiri, nikamwambia nimekuja kumsaidia kupanga. Tukafungua marobota, tukawa tunatafuta jozi. Kiatu cha kushoto kiko hapa, cha kulia kimezama huko chini. Unashika kimoja, unauliza, "Mwenzake umemwona?" Saa ya kwanza tuliongea viatu. Saa ya pili tukaongea marehemu baba, jinsi alivyokuwa akipaka viatu vyake rangi kila Jumamosi na kutukataza kuvigusa. Ilipoingia saa ya tatu, ndugu yangu akiwa ameinama, akivuta kamba ya kiatu ambayo haikuwa na kasoro yoyote, akasema bila kunitazama, "Mimi nimezama."

Ilikuwa mikopo ya simu. Alikuwa akikopa huku kulipa kule, akikopa kwingine kulipa huku, mwaka mzima. Namba za watu wasiojulikana zilikuwa zikimpigia usiku. Na katika mwaka huo huo, kwenye kundi la ukoo, alikuwa akiandika "Amina" chini ya kila mchango na kutuma elfu moja kama sisi wengine. Elfu hizo nazo zilikuwa za kukopa. Nilikuwa nimeliona jina lake kwenye orodha ya waliochanga kila mara, nikafikiri mambo yake ni mazuri.

Hatukumaliza deni siku ile. Tulipanga lipi litangulie, na kwenye kundi nikasema mimi, kama mdogo wake anayemheshimu, kwamba kwa miezi sita tutachanga jina moja sisi wawili. Hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo ukitaka mtu akufungukie, tafuta kazi inayochukua saa mbili au zaidi, inayoshughulisha mikono na kuacha mdomo huru, na isiyo na kelele. Kupukuchua mahindi. Kuchambua mrenda na kunde. Kuchagua mawe kwenye mchele. Kuziba uzio wa kuku. Kufua mablanketi. Mkae ubavu kwa ubavu, macho yako yawe kwenye kazi. Fanya sehemu yako vizuri, usiwe mgeni wa kupiga picha. Kutazama mechi pamoja kuna raha yake, lakini kelele za pale hazimruhusu mtu kusema "nimezama" kwa sauti ya chini.

Chumbani

Sasa nije kwa mke wangu, ambaye amenipa ruhusa ya kuyaandika haya.

Usiku mmoja nilikuwa kitandani nikiangalia video za kutengeneza simu, kazi juu ya kazi. Akasema taratibu, wala hakuwa amekasirika, "Baba watoto, nikitaka unitazame kama unavyozitazama hizo, nijivunje kioo?" Sikupata la kujibu. Watu wanaleta simu iliyopasuka, naishika kwa mikono miwili, naigeuza kwenye mwanga, namuuliza mwenyewe ilianguka lini, ilianguka vipi, ilianza kuzima saa ngapi. Yeye sikuwa nimemuuliza hata alikula nini mchana.

Tulichofanya ni hiki. Tulinunua saa ya mezani yenye kengele, ili asiwepo wa kusema simu ndiyo inayomwamsha. Kuanzia saa tatu usiku simu zote mbili zinalala sebuleni juu ya kabati, kwenye chaji, sauti ikiwa juu, ili mama akipiga kwa dharura tusikie. Chumbani hakuingii simu. Kama mmoja wenu ni muuguzi wa zamu ya usiku au anaendesha teksi, chagueni saa nyingine, lakini iwe saa ile ile kila siku, na ipate kulindwa.

Nakuonya kuhusu wiki ya kwanza. Tulilala gizani tukisikiliza televisheni ya jirani ukutani, hatuna la kusema. Niliogopa. Nilidhani tumeisha. Hatukuwa tumeisha, tulikuwa tumesahau njia, kama mguu uliofungwa plasta miezi mingi unavyosahau kutembea. Msikate tamaa hapo na kwenda kuchukua simu. Kwetu ilikuwa usiku wa nane aliponiuliza, "Unakumbuka ile nyumba ya kwanza tuliyopanga Kaptembwo, iliyovuja?" Tukaongea mpaka saa sita.

Jambo jingine ni kugusana. Mke wangu huuza mboga, anashinda amesimama. Jioni mbili kwa wiki nachemsha maji, natia chumvi, namwekea beseni, namwosha miguu na kuikanda. Robo saa. Mwanzoni alikunja vidole, akaniuliza ninataka nini. Swali hilo liliniumiza, kwa sababu lilikuwa na haki. Wanaume wengi tunamgusa mke tukiwa tunataka kitu tu, kwa hiyo mkono wetu ukimfikia yeye anajitayarisha kutoa au kukataa. Mguse bila kudai. Mkono begani ukipita jikoni. Kiganja mgongoni mkiwa kwenye foleni. Fanya hivyo majuma kadhaa na usidai lolote, mpaka mwili wake uamini tena kwamba mkono wako ni salamu. Mengine ya chumbani yalirudi yenyewe, na hayo ni yetu.

Hapa niseme jambo ninalolibeba kwa uzito. Wanakuja watu kibandani, wanaume kwa wanawake, na simu iliyofungwa. "Fundi, nifungulie, nimesahau namba ya siri." Natazama kava lenye maua, natazama picha ya mbele, najua si yake. Huwa nakataa. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini, lakini hata isingekuwepo ningekataa. Nimeshuhudia wanaofunguliwa kwingine, kisha wanakaa kwenye benchi langu wakitetemeka, wakisoma. Hakuna aliyewahi kupata humo kitu cha kumrudishia mwenzake. Kama una shaka, mwambie mwenzako kwa mdomo: "Nina hofu, na hofu yangu ni hii." Ni vigumu kuliko kutafuta fundi. Lakini atakujibu mtu, na uso wake utauona anapokujibu.

Kwa watoto nina machache. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha ghafla wakaze uso, wasionyeshe lolote kwa dakika chache. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mikono, akapiga kelele kumwita mama arudi, na asiporudi akageuka akalia. Pale kwenye benchi nimemwona mtoto wa mwaka mmoja hivi akimshika mama yake kidevu na kuugeuza uso wake kutoka kwenye simu ya kuazima. Mtoto akikushika kidevu, geuka. Kwa wakubwa, kutembea kunasaidia. Binti yangu wa miaka 14 mezani hujibu neno moja moja, lakini tukipanda Menengai mpaka ukingoni, kule juu unapoona shimo lote limelala chini yako, tukiwa tunarudi tumechoka, hapo ndipo huniambia za shule.

Uliyemwacha miaka mingi

Kuna jina kwenye karatasi yako ambalo kalamu ilisita. Rafiki mliyekuwa naye chumba kimoja, binamu mliyekosana. Huyo usimwanzie kwa kumtumia picha ya maua yenye "Jumapili njema." Hapa kwetu mtu akiibuka baada ya miaka mitano, anataka mchango, au kura, au mkopo. Yule mtu anajua hivyo, kwa hiyo mwondolee hofu mapema. Nilimwandikia mmoja hivi: "Ni mimi. Nimekuwa kimya na kosa ni langu. Jumamosi nitakuwa Kisumu. Naweza kupita kwako saa nne? Sina shida wala mchango, nataka kukuona tu." Nilitazama zile alama mbili zikigeuka bluu, kisha siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu akapiga.

Asipojibu, jaribu tena mara moja baada ya mwezi, kisha acha mlango wazi na usimsumbue. Akikubali, usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha. Omba msamaha mara moja, kwa ufupi, halafu umwache aseme. Atakuwa na ya kusema, na mengine hayatakupendeza. Simu yako ibaki mfukoni, na picha ikipigwa ipigwe mlangoni wakati wa kuaga, yeye akitaka.

Gharama ipo, siwezi kusema haipo. Ninafunga kibanda Jumamosi moja kila mwezi, na Jumamosi ni siku nzuri ya kazi. Nina kopo la maziwa ya unga ninalotia shilingi 20 kila jioni. Kwa mwezi ni 600, inanipunguzia makali ya nauli. Nasafiri katikati ya mwezi, kamwe si wiki ya Krismasi nauli ikiwa imepanda. Na kabla sijaondoka kwa mtu tunataja siku ya kuonana tena, siku yenye tarehe. "Tutaonana" bila tarehe ndiyo iliyonifanya nionane na ndugu yangu makaburini.

Utajuaje kama unakaribia? Mtu ataanza kukupigia bila sababu. Ataanza kukupinga, jambo ambalo hakuwa akijisumbua kufanya. Na atakuletea habari mbaya zikiwa bado ndogo. Mwezi uliopita mama alinipigia yeye, saa mbili asubuhi, na hakuanza hata kwa salamu. Alisema jino linamsumbua tangu jana.

Tangu jana, si tangu mwaka jana.

Jumamosi hii ni zamu ya kwake. Nitapitia Kisumu nimchukue ndugu yangu, twende pamoja. Mkate na majani ya chai nimeshanunua, viko hapa chini ya meza. Mama ameniagiza tufike kabla jua halijawa kali, kuna gunia la maharagwe la kupura, na anasema mgongo wake sasa hauwezi peke yake.